Mbwa Wake, Paka Wangu

  Najua mwezi uliopita niliahidi kuendelea na ile mada ya mawifi. Meseji zenu nimezisoma zote, na wengine mna visa vya kutengenezea filamu, jamani! Lakini leo naomba radhi, mawifi watasubiri kidogo. Mwezi huu nataka tuongee kuhusu viumbe wawili ambao, bila kusema neno hata moja, nusura waivunje ndoa yangu. Mmoja alikuwa mbwa. Mwingine ni paka, na hivi ninavyoandika amelala juu ya makaratasi yangu.

Niwape historia kidogo. Mume wangu ni mtu wa Moshi, amekulia kihambani, na kwao nyumba isiyo na mbwa ni kama nyumba isiyo na mlango. Mimi ni wa Tanga, Ngamiani kabisa. Kwetu paka ndiye mwenye nyumba. Anaingia jikoni, analala kwenye mkeka, na akikosa samaki anakuja kukulalamikia miguuni. Mbwa tulimjua kama mlinzi wa watu wengine. Kwa hiyo tulipohamia kwenye nyumba yetu ya kupanga kule Mbezi tukakubaliana kiungwana: yeye afuge mbwa wake, mimi nifuge paka wangu, na kila mtu ahangaike na wa kwake. Makubaliano mazuri, si ndiyo? Subiri.

Jumamosi moja mume wangu akarudi na boksi la biskuti kakumbatia kama mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na kitoto cha mbwa, cheusi, tumbo limemtoka, macho kama shanga. Alimnunua kwenye foleni, kwa wale vijana wanaopita na watoto wa mbwa mikononi magari yakisimama. Nikauliza, "Amechanjwa?" Akasema muuzaji amemhakikishia kwamba kila kitu tayari, kadi ameisahau nyumbani, atamtumia picha. Nadhani unajua mwisho wa ile namba ya simu. Mpaka leo haijapokelewa.

Tukampa jina Bobi. Kwa siku nne alikuwa furaha ya nyumba, hata mimi nilianza kulainika (usimwambie mume wangu). Siku ya tano akakataa kula. Jioni akaanza kutapika mapovu ya njano. Mimi nikasema ni maziwa, mume wangu akasema ni minyoo, kwa maana tumbo lile lilikuwa kubwa mno. Akaenda dukani akanunua dawa ya minyoo, akamnywesha. Tukaenda kulala tukijiona tumefanya la maana. Kesho yake Bobi alikuwa amelala kwenye kona akiharisha damu, na nyumba nzima inanuka harufu ambayo siwezi kukueleza, sijaisikia kabla wala sitaki kuisikia tena.

Daktari wa mifugo alimpima kwa kile kipimo cha haraka cha choo, akatuangalia, akasema, "Ni parvo."

Kwa faida ya wale ambao, kama mimi siku ile, hawajawahi kulisikia neno hilo, parvo ni ugonjwa wa virusi unaowapata zaidi mbwa wadogo, hasa kuanzia umri wa wiki 6 hadi miezi 6. Dunia ilianza kuufahamu mwaka 1978. Virusi hivi vinashambulia kuta za utumbo na uboho wa mifupa kwa wakati mmoja, yaani mtoto wa mbwa anapoteza maji na damu huku askari wa mwili wake wakiwa wamepungua. Hakuna dawa ya kawaida ya kuviua vikiwa ndani ya mwili. Kazi ya daktari ni kumuongezea maji kwa dripu, kuzuia kutapika, kumpa antibiotiki ili bakteria wasipate upenyo, na kumvusha siku zile chache ambazo mwili wake unapigana. Wakiwahishwa, wengi wanapona. Sisi tulikuwa tumepoteza siku nzima na dawa yetu ya minyoo.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika. Bobi alitakiwa kubaki pale kliniki, dripu asubuhi na jioni. Siku ya kwanza tukalipa. Siku ya pili tukalipa. Siku ya tatu mume wangu akaniambia anataka kuchukua kwenye ile hela tuliyokuwa tunaiweka kwa ajili ya kodi ya nyumba. Na mimi, nimechoka, nimetoka kazini, foleni imenimaliza, nikafungua mdomo nikasema, "Jamani, si mbwa tu?"

Hakunijibu. Alichukua funguo akatoka. Alfajiri ya siku ya nne Bobi akafa. Mume wangu alimzika mwenyewe, kwenye kiwanja cha rafiki yake kule Goba, chini ya mwarobaini, na kwa muda wa wiki nzima tuliongea mambo ya umeme na maji tu. Kwa kweli nilidhani anakuza mambo. Ni mdogo wake ndiye aliyenieleza baadaye kwamba baba yao alipolazwa KCMC na asirudi, mume wangu akiwa na miaka 9, mbwa wao wa zamani ndiye aliyekuwa akikaa naye getini kila jioni kungoja gari. Mbwa huyo aliitwa Bobi. Nilikuwa nimempa pole ya mbwa, kumbe msiba ulikuwa mwingine.

Niliomba msamaha. Haikuwa rahisi, lakini hiyo nitaiandika siku nyingine.

Turudi kwenye somo, maana kuna mtu anasoma hapa na jirani yake ana watoto wa mbwa wa kugawa. Chanjo ya parvo huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha inarudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu wengi wanachoma moja, wanatulia. Moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaizima chanjo, na hakuna ajuaye ni wiki gani hasa kinga hiyo itaisha. Ndiyo maana inarudiwa. Kabla hajamaliza, asizurure barabarani na asinusanuse vinyesi vya mbwa wa mtaani. Halafu ukinunua mbwa, dai kadi yenye tarehe, stika ya chanjo na saini ya daktari. Kadi iliyosahaulika nyumbani ihesabu kwamba haipo.

Na kama ugonjwa umepita nyumbani kwako, usikimbilie kuleta mtoto mwingine wa mbwa kufuta machozi. Virusi hivi vinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata kupita mwaka, na sabuni ya kawaida havijali. Sakafu na vyombo vinaoshwa kwanza vikatakata, kisha vinapigwa Jik, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, vikae dakika 10. Udongo wa uani huwezi kuuosha. Sisi tulisubiri, halafu tukachukua mbwa mkubwa, jike, kutoka kwa rafiki aliyehamishiwa Dodoma. Alikuja na kadi yake, chanjo zote, hata sahani yake. Anaitwa Tiga. (Binadamu hawaambukizwi parvo ya mbwa, kwa hiyo mama wa jirani aliyekataa kuja kunitembelea sasa anaweza kuja.)

Tiga naye alituletea somo lake, nalo ni kupe. Tulidhani kupe ni usumbufu tu, kitu cha kubandua Jumapili. Mara akaanza kulala sana, joto, hataki kutembea, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Daktari alimfunua mdomo akatuonyesha fizi: nyeupe kama karatasi. Kupe walikuwa wamemwachia vijidudu vinavyopasua chembe nyekundu za damu. Safari hii hatukubahatisha, tulimfikisha siku ileile, akachomwa sindano na ndani ya siku chache akaanza kubweka wauza maji. Ukiwa na mbwa, jizoeze kumfunua mdomo akiwa mzima ili ujue fizi zake za kawaida zikoje. Mkague masikioni, kwapani na katikati ya vidole kila baada ya siku mbili tatu. Kupe anashikwa karibu kabisa na ngozi kwa kibano na kuvutwa taratibu moja kwa moja. Habari za kumpaka mafuta ya taa ziache.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Paka wangu anaitwa Bwana Mdogo. Usiku mmoja alipigana na dume la mtaa, akarudi anachechemea, mguu umevimba na mwili una joto. Ilikuwa saa nne za usiku. Nikafikiria kama mwanamke yeyote mwenye huruma na kabati la dawa: nikachukua nusu ya Panadol, nikaisaga, nikaichanganya kwenye mchuzi wa dagaa. Akala kidogo, akaacha. Nikajisifu. Nikaenda sebuleni nikamwambia mume wangu, nimeshampa dawa, atalala.

Mume wangu aliinuka kwenye kochi kama kamwagiwa maji. "Umempa nini?" Tangu kifo cha Bobi alikuwa na namba ya daktari kwenye simu, na alikuwa amekaa naye mara nyingi kumuuliza maswali. Mimi nilidhani ni kupoteza muda. Akapiga pale pale. Daktari hakumaliza hata kusikiliza, akasema mleteni sasa hivi na hilo pakiti la dawa.

Msomaji wangu, shika hili hata kama utasahau mengine yote: Panadol, yaani paracetamol, ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu. Kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Inaharibu damu mpaka inashindwa kubeba hewa ya oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na vikanyagio vinavimba, anapumua kwa shida. Tulipofika, fizi za Bwana Mdogo zilikuwa zimeanza kubadilika. Akapewa dawa ya kupambana na sumu hiyo, ileile inayotumika kwa binadamu aliyezidisha paracetamol, na akawekewa oksijeni. Kilichomwokoa zaidi ni kwamba hakumaliza mchuzi wangu. Nimepika miaka yote hii, ile ndiyo siku pekee niliyofurahi mtu kukataa chakula changu.

Tulikaa kwenye benchi la nje mpaka saa tisa za usiku. Nililia mpaka nikachoka. Mume wangu alilipa, akaniletea maji, akanifunika koti lake. Nilikuwa nangoja. Nilijua kabisa lile neno lake lipo, na alikuwa na haki zote za kulitoa. Hakulisema. Mpaka leo hajawahi kulisema.

Kwa wenye nyumba yenye wote wawili kama sisi, kuna mtego mwingine. Dawa nyingi za kupe za mbwa zina permethrin au amitraz. Mbwa anazivumilia, lakini paka permethrin inampeleka kwenye degedege na kifo, na amitraz nayo si salama kwake. Usimpake paka dawa ya mbwa "kidogo tu", na ukimpaka mbwa, watenganishe mpaka ikauke, hasa kama wanalala pamoja. Na ukiwa na paka dume, mwangalie anapokojoa. Akihangaika kwenye mchanga, anajikamua, analia na hakuna kitu, usidhani amefunga choo. Mrija wa mkojo unaweza kuwa umeziba, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, kesho itakuwa umechelewa.

Chakula nitakipitia haraka. Mbwa anaweza kuishi vizuri kwa ugali uliochanganywa na dagaa, utumbo au nyama, ilimradi nyama isiwe hadithi. Paka hawezi. Yeye lazima ale nyama au samaki kila siku, kuna kirutubisho kiitwacho taurine ambacho akikikosa kwa muda anaharibikiwa macho na moyo. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi wao wakishakua, maji safi yanatosha. Chokoleti, vitunguu na vitunguu saumu usiwape, na mifupa ya kuku iliyopikwa itupe mbali maana inavunjika vipande vyenye ncha. Minyoo: watoto kila baada ya wiki 2 mpaka wafikishe wiki 12, wakubwa kila baada ya miezi 3. Kama una watoto wanaotambaa usilisahau hili, minyoo ya mbwa na paka inaingia kwa binadamu pia.

Kuna jambo moja sitalipitia haraka. Mwezi mmoja uliopita mtoto wa dada yetu wa kazi aliumwa na mbwa wa mtaani kule kwao. Bibi yake alishasaga kitu cha kupaka. Nilimshika simu dada nikamwambia asipake chochote, aende bombani. Kidonda cha mbwa asiyejulikana kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, angalia saa, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kinakaa mwilini kimya, mara nyingi miezi miwili au mitatu, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote kwa mbwa, na wengi ni watu wa Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi. Kinachosikitisha ni kwamba unazuilika kabisa. Sindano za mtu aliyeumwa zinachomwa kwa tarehe maalumu, na hupaswi kuacha katikati kwa sababu kidonda kimekauka. Mtoto wetu amemaliza zake zote. Nauli ya kwenda na kurudi tuligawana, nami sikuuliza inatoka kwenye fungu gani.

Mbwa wako anachanjwa akiwa na miezi 3, anarudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyoandika kwenye kadi, na paka pia. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi kipindi hicho maofisa mifugo wanachanja kwa bei nafuu au bure. Ulizia kwa mtendaji wa mtaa wako.

Namalizia na habari ambayo wengine mmeshaipata kwa wambea. Ndiyo, nina mimba ya miezi minne. Mama mkwe alipoisikia, jambo la kwanza alilosema baada ya hongera ni, "Mwanangu, huyo paka sasa aondoke." Amesikia kwamba paka anaharibu mimba. Sikubishana naye, maana ameshalea wanne na mimi bado sijalea hata mmoja. Nilimuuliza daktari wangu wa kliniki.

Jibu lake lilinipa usingizi. Ugonjwa wenyewe, toksoplasmosisi, upo kweli na unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini paka hutoa vimelea vyake kwenye choo kwa wiki chache tu, mara nyingi mara moja maishani, na choo hicho kinahitaji angalau siku 1 hadi 5 kabla hakijaweza kuambukiza. Kikitolewa kila siku, hatari inashuka sana. Njia kubwa zaidi ni nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani. Kwa maneno mengine, mishikaki yangu ya jioni inayotoka na damu ndiyo iliyotakiwa kufukuzwa nyumbani. Masharti aliyonipa: nyama iive, kachumbari ioshwe, nivae glovu nikishika udongo, paka asile nyama mbichi, na sanduku la mchanga lisafishwe kila siku na mtu ambaye si mimi.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu, nikiwa nimejiandaa kwa mazungumzo marefu. Makubaliano yetu ya zamani unayakumbuka, kila mtu na wa kwake.

Sasa kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, nikiwa bado kitandani nasikia kijiko cha mchanga kinakwaruza kule uani. Nasikia mtu mzima wa Moshi, amevaa glovu za njano za kuoshea vyombo, akimwambia paka wa Tanga, "Bwana Mdogo, wewe unakula kuliko mimi." Tiga amelala mlangoni anawaangalia. Na mama mkwe, aliyekuja wiki iliyopita kukagua, nimemkuta jikoni akimtupia mtu fulani kichwa cha samaki chini ya meza.

Mwezi ujao mawifi. Safari hii naahidi kweli.